Wenye Hisa Nao Wana Mama Zao

Kwetu Uluguru mtu akija kuomba mahali pa kulima, haulizwi kwanza ana nini. Anaulizwa mama yake ni nani. Akishamtaja mama, anaulizwa mama wa mama, na wazee wanaendelea hivyo bila haraka mpaka wamfikishe kwa bibi wanayemjua, au waseme hawamjui. Ardhi ya ukoo ni ya akina mama, wajomba wanaisemea tu. Asiyejulikana mama yake atapewa chakula na mahali pa kulala, lakini shamba hapewi. Nimekua nikiyaona hayo, kwa hiyo siku kampuni ya kubeti ilipokuja kutaka nyumba yetu, swali lilinitoka lenyewe.

Nyumba yenyewe iko Kilakala, mjini Morogoro, pale ambapo mlima unaanza kupanda nyuma ya migomba ya watu. Si yangu. Aliijenga bibi mzaa mama kwa fedha ya ndizi na njegere, akasema iwe ya ukoo wote, na mimi naitunza. Mgonjwa wetu akishushwa kutoka mlimani kuja hospitali, analala pale. Lakini zaidi ni nyumba ya wasichana. Huko juu sekondari iko mbali, na binti anayetoka alfajiri na kurudi magharibi, haupiti muda wazazi wanachoka kuhofia njia, wanamwachisha. Wetu tunawashusha mjini. Wanalala vyumba vya nyuma, wanasoma shule za kutwa, na mimi nawapikia na kuwagombeza. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Ualimu nimestaafu, kugombeza sijastaafu.

Kampuni ile tayari ilikuwa na kibanda kwenye kona ya mtaa wetu. Ndani mna mashine za dubwi zinazomeza sarafu, na nje vijana wanakaa na mikeka yao, yaani zile karatasi za mechi walizobashiri. Jioni ukipita utasikia nani mkeka wake umechanika na nani kabakiza mechi moja. Fundi baiskeli wetu aliuza vifaa vyake kimoja kimoja kwenye kibanda hicho, na leo ukipata pancha inabidi uikokote baiskeli mpaka sokoni. Sasa kampuni ilitaka kupanua. Ikataka nyumba nzima, mbele na nyuma, kwa mkataba wa miaka mingi.

Wajomba walishuka kuja kuzungumza. Wakaletwa kreti za soda, na kijana mmoja aliyefunga tai akasimama barazani kutueleza. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Aliamkia mmoja mmoja, akamaliza wazee wote, ndipo akaanza. Alipofika kwenye maneno ya wapi wazee wasaini, nikanyoosha mkono.

"Mwanangu, kampuni yenu ni ya nani?"

"Ni kampuni kubwa, mama. Ina leseni zote."

"Sikuuliza leseni. Nauliza mwenyewe."

"Ni ya wawekezaji."

"Wana majina hao?"

"Wapo kibao, mama yangu. Wenye hisa ni watu tofauti tofauti. Hayo ni mambo ya makao makuu, mimi hata siwajui."

"Wenye hisa nao wana mama zao," nikasema. "Tutajie."

Baraza zima likacheka, na yeye akacheka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Mjomba mkubwa, ambaye ndiye kiongozi wa ukoo wetu na mdogo wa marehemu mama yangu, alinitazama kwa uchovu. Ni mtu mwema. Ana kikohozi, ana mashamba matatu ya kuamulia ugomvi, na paa la nyumba ile lilikuwa linavuja kiasi kwamba mvua ikinyesha tunapanga sufuria sebuleni. Kampuni ilikuwa imeahidi bati jipya.

"Mwanangu, hii ni kampuni," akasema. "Haina mama."

"Basi na nyumba isipewe, mjomba."

"Na hawa wasichana, wakilala wanaloa, wewe unafurahi?"

"Wakilala nje watakauka?"

Mjomba akakohoa. Kisha akakata maneno: tutakaa tena masika yakiisha. Nikimpata huyo mwenye kampuni, aje aulizwe kama anavyoulizwa kila mtu. Nisipompata, yeye atasaini, na wasichana watatafutiwa mahali. Niliuliza watatafutiwa na nani, wao wakaanza kutafuta viatu vyao. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa, maana nilikuwa nimefura na mikono ilihitaji kazi.

Jambo hilo nikalivalia njuga. Nilianzia ofisi ya biashara ya mji, na huko nikaambiwa kibanda kina leseni halali, imetundikwa ukutani, nikaisome. Nilikwenda nikaisoma, vijana wa mikeka wakinishangaa. Ina jina la kampuni, muhuri na namba. Mwenye kampuni hayumo. Nikarudi, nikaambiwa majina ya wenye hisa yako kwa wasimamizi wa michezo ya kubahatisha, Dar es Salaam, kwa sababu wao hawatoi leseni mpaka waambiwe nani ni nani. Nilimshukuru yule bwana, maana alikuwa amenipa kitu kikubwa bila kujua: kumbe yameandikwa mahali. Kilichobaki ni mimi kuyasoma.

Nikapanda treni ya umeme. Tulipopita Ngerengere niligeukia dirishani kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu mdogo wangu wa kike aliolewa na mwanajeshi akaishi pale, na pale ndipo alipofia, Mungu amrehemu. Aliacha binti mmoja. Kwetu mtoto wa mdogo wangu ni wangu, hata mama yake alipokuwa hai alikuwa wangu. Nilimchukua, akasoma sekondari yote akilala chumba cha nyuma cha nyumba ile ile, akipika zamu kama wengine, akilia hesabu zikimshinda na akilia zaidi akipata tisini badala ya mia. Sasa yuko Dar, anafanya kazi ya mambo ya fedha, anavaa viatu vya kuchuchumia. Nilitaka kumpigia nipite kwake nikale, nikaona nisimsumbue kazini.

Kwenye kaunta ya wasimamizi nilimkuta binti mpole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka kujua wenye hisa wa kampuni hii." Nikampa jina.

"Unamwakilisha nani, mama? Wewe ni mwanasheria? Mwandishi wa habari?"

"Namwakilisha bibi yangu."

"Yuko wapi?"

"Amekufa zamani. Nyumba yake ndiyo inatakiwa."

Alinitazama kuona kama nina akili timamu, kisha akanipa karatasi niandike ombi na sababu. Niliandika palepale kwenye benchi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: nataka kujua mwenye kampuni inayotaka nyumba ya ukoo wetu. Nikarudi Morogoro kusubiri. Nilisubiri mpaka mahindi yakatoa mbelewele, ndipo likaja jibu kwamba habari za wenye hisa ni siri kati ya ofisi na mwenye leseni.

Sikutarajia lingeniuma vile. Niliisoma ile karatasi nimesimama posta, nikaona haya, kama mtu aliyefukuzwa mlangoni mbele za watu. Wasichana waliponiuliza nikawaambia bado. Halafu hasira ikapanda juu ya haya, na hasira mimi inanifaa zaidi. Nilimtafuta mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi mahakamani, akaniambia ipo sheria ya kupata taarifa, kwamba mwananchi anaweza kuomba kilichomo kwenye ofisi ya umma, na akinyimwa anaweza kukata rufaa kwa mkuu wa ofisi hiyo. Akaniandikia kifungu. Nikakikariri kama nilivyokuwa nikikariri majina ya mito.

Safari ya pili nikaomba kumwona mkubwa. Nikapelekwa kwa bwana mmoja wa makamo mwenye miwani, ofisi yake imejaa majalada mpaka dirishani. Alinikaribisha kiti.

"Mama, tukimfungulia kila mtu, washindani wao wataingia humu wachukue siri za biashara."

"Mimi nishindane nao kwa mashine gani, baba? Sitaki faida yao. Sitaki mishahara yao. Nataka majina ya wenyewe."

"Kwa nini usiwaulize wao wenyewe?"

"Ndiyo nimekuja niwajue, niwaulize."

Akatabasamu kidogo. Nikaona mlango umefunguka, nikaingiza mguu.

"Ninyi kabla ya kuwapa leseni mliwaambia wawataje wenye hisa. Kwa nini?"

"Ni sheria. Lazima tujue kama ni watu wanaofaa."

"Basi ninyi mko huku, wao wako ukutani kwangu. Wakiwa hawafai, mtaanza kujua ninyi au mimi?"

Alivua miwani akaifuta. Hakunipa chochote siku ile, lakini alinisaidia kuandika ile rufaa vizuri, hata akanisahihisha mahali nilipoandika kwa ukali. Nilimwacha asahihishe pale, nikabakiza ukali mahali pengine.

Masika yalikuwa yamenyesha na kupungua waliponiita. Ilikuwa ruhusa ya kusoma ukurasa mmoja tu, chumbani kwao, bila simu, na kunakili kwa mkono. Sikuhitaji zaidi. Yule binti wa kaunta aliniletea jalada mwenyewe, akalifunua mahali penyewe, akaweka karatasi nyeupe kufunika vile nisivyoruhusiwa. Nikavaa miwani.

Wenye hisa walikuwa watatu. Wa kwanza mtu wa nje, jina sikuweza hata kulitamka. Wa pili mfanyabiashara wa Dar. Wa tatu hakuwa mtu, ilikuwa kampuni nyingine.

"Na hii ni ya nani?" nikauliza.

"Hiyo haiko kwetu, mama. Utaiulizia kwa msajili wa makampuni. Siku hizi ni mtandaoni, mtu yeyote anaruhusiwa, unalipia tu ada."

Nilitaka kucheka. Wazee wetu wakimwuliza mgeni mama yake, naye akamtaja mama ambaye na yeye hajulikani, hawachoki, wanauliza mama wa mama. Nikanakili lile jina la kampuni ya tatu. Nilikuwa nimewahi kuliona mahali, kwenye bahasha, sikukumbuka lini. Njia nzima ya kurudi lilinisumbua, nikapita Ngerengere bila kugeuka dirishani.

Kesho yake nilikwenda Mazimbu, karibu na chuo, kwenye duka la stesheneri ambako wanafunzi wanachapisha kazi zao. Mama mwenye duka alinifungulia ukurasa wa msajili, nikalipa, tukasubiri mtandao uliokuwa ukienda na kurudi. Ukurasa ulipokuja, ulianza na anwani ya ile kampuni. Sanduku la posta, Morogoro. Nikasoma namba. Nikamwambia mama wa duka kompyuta yake ina kasoro, kwa sababu lile lilikuwa sanduku langu.

Ndilo sanduku la nyumba ya Kilakala, tunalilipia kila mwaka, ufunguo wake uko kwenye msumari jikoni. Hapo ndipo bahasha ziliponirudia. Mara kwa mara tulikuwa tunapata barua za kampuni hiyo, nami nilikuwa naziandika juu "hapa hayupo" na kuzirudisha dirishani posta, nikiwalaumu wahudumu kwa uzembe. Sanduku lilikuwa na funguo mbili. Wa pili nilimpa binti yangu, huyu wa Dar, alipokuwa kidato cha nne, awe anachungulia barua za vyuo, na sikuwahi kuudai.

"Shusha chini," nikamwambia mama wa duka.

Akashusha. Mwenye ile kampuni ya tatu alikuwa mwanangu, na mwenzake mmoja. Majina yake yote matatu, yameandikwa sawasawa.

Nililipa, nikatoka, nikakaa kwenye kibaraza cha duka. Niseme ukweli nilihisi nini. Kwanza nilijivunia, kwa kufumba na kufumbua tu, kwamba mtoto aliyekuwa akilia hesabu sasa ana kampuni. Baada ya hapo nikaumia mno. Miezi yote ile nilikuwa nawatafuta watu wabaya. Nilikuwa nimeshawachora kichwani, wamekaa ng'ambo, hawajui Kilakala iko wapi. Desturi yetu imenifundisha hivyo, kwamba wa kuogopwa ni yule usiyemjua mama yake. Huyu mama yake ni mimi.

Nikampigia pale pale.

"Mama, shikamoo!"

Sikuitikia. "Kampuni inayotaka nyumba ya bibi yako, na wewe una hisa humo?"

Nikasikia mlango wa kwake ukifungwa.

"Nani kakwambia?"

"Serikali."

"Mama, ni hisa tu. Ni uwekezaji kama mwingine, wala siwaendeshi mimi. Walipokuwa wanatafuta sehemu Morogoro nikawaambia ipo nyumba. Nikaona paa litatengenezwa, na nyumba itabaki mikononi mwetu."

"Mbona hukusema ni wewe?"

"Ningesema ungekataa."

"Ningekataa."

"Sasa unaona, mama."

Nikakata simu. Sikuwa tayari kuonyeshwa chochote.

Wazee walipokaa tena nilisimama nikawaeleza yote, nimeshika nakala mbili mkononi. Nilidhani wataghadhibika. Badala yake mjomba mdogo akapiga makofi.

"Alhamdulillahi! Kumbe ni mtoto wetu!"

"Tulikuwa tunaogopa watu wa kuja," mwingine akasema, "kumbe mali iko nyumbani."

Na mjomba mkubwa, aliyekuwa amekunja uso tangu asubuhi, akakunjua, akaanza kupapasa mfuko wa koti akitafuta kalamu. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimekwenda mpaka Dar na kurudi, nimekata rufaa, nimesoma jalada, na nilichowaletea wazee ni sababu nzuri ya kusaini. Kijana wa tai alikuwa amekaa pembeni, naye anasikia habari hizo kwa mara ya kwanza. Macho yalimtoka. Kwa kweli hakuwa akijua.

Nikasema, "Mjomba, weka kalamu."

"Ulimtaka mwenyewe, umempata. Sasa unataka nini?"

"Umesema aje aulizwe kama anavyoulizwa kila mtu. Yuko wapi? Mtoto wa nyumba hii tangu lini anaomba kwa kutuma mtu mwenye tai? Akitaka mahali, anakaa hapa mkekani, anasema anataka nini, na akina mama wanaulizwa. Ndivyo ulivyoulizwa wewe ulipotaka bonde la iliki. Nilikuwepo, nilikuwa nimebeba kikapu."

Wanawake waliokuwa mlangoni wakaguna kukubali. Mjomba akautoa mkono mfukoni bila kalamu. Mwisho akasema haya, aje.

Alikuja Jumapili, peke yake, na gari lake aliliacha barabarani. Alikuwa amevaa khanga juu ya nguo zake za mjini, viatu kavua barazani. Aliniamkia, safari hii nikaitikia. Nilikuwa nimeamua jambo moja asubuhi ile: wasichana wasijifiche jikoni. Niliwaambia wakae sebuleni na sare zao, wakae tu, wasiseme kitu. Mmoja akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu kikao kinawahusu.

Mjomba akaanza kama inavyotakiwa, ijapokuwa aliyempakata mtoto huyu siku ya arobaini yake ni yeye.

"Mama yako nani?"

Akamtaja mdogo wangu. Sidhani kama alikuwa amelitamka jina hilo kwa sauti miaka mingi. Akaulizwa mama wa mama, akamtaja mama yangu. Akaulizwa aliyemzaa huyo, akamtaja bibi aliyeijenga nyumba. Wakubwa wakaitikia.

"Unaomba nini?"

"Naomba nyumba, babu."

"Ya kufanya nini?"

Akaanza kueleza habari za burudani, ajira kwa vijana, ukarabati. Aliongea vizuri, alivyokuwa akiongea vizuri siku zote. Mjomba akainua mkono.

"Sema kwa maneno ya hapa."

Akatazama chini. "Ya kubeti."

"Na hawa watalala wapi?"

Akazitazama sare zao. Nilitaka kumsaidia, Mungu ananijua, mdomo ulishafunguka. Nikauma meno.

Kisha akina mama wakaulizwa mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Dada yangu anayelima karoti huko juu alikubali, kwa sababu ya paa, na simlaumu. Binamu yangu alikataa, mwanawe alikuwa ameacha chuo kwa ajili ya mikeka. Mwingine akakubali, mwingine akasema anafuata wengi. Mimi nilikataa kwa neno moja, maana mengine nilikuwa nimeshayasema. Mjomba alipomaliza sote akamgeukia mwanangu.

"Na wewe?"

"Mimi ndiye mwombaji, babu."

"Wewe ni mwanamke wa nyumba hii. Tumekusikia ukiwataja mama zako hapa. Lazima nikuulize. Unakubali?"

Hilo hakuwa amelifikiria, wala mimi sikuwa nimelifikiria. Kwa watu wa makaratasi mtu mmoja anaweza kuwa mwenye kampuni na mpangaji na mwenye nyumba kwa wakati mmoja, kila mmoja na jalada lake, na majalada yasikutane. Kwenye mkeka wetu ana mdomo mmoja. Alitazama mlango wa chumba cha nyuma, ambao bado una alama za chaki tulipokuwa tukiwapima urefu. Msichana mdogo kuliko wote alikuwa amekaa chini ya alama hizo, anakuna goti.

"Sikubali," akasema.

Nililia. Wengine walidhani nalia kwa furaha, na furaha ilikuwemo, lakini nililia pia kwa sababu nilimwona alivyoumia kulisema, na mimi ndiye niliyemkalisha pale.

Baada ya chakula alinifuata jikoni. Alitoa ufunguo wa sanduku la posta kwenye pochi, akauweka mezani karibu na bakuli la mboga.

"Chukua, mama. Nitahamisha anwani."

"Na hisa?"

Akafunga pochi. "Hisa bado ninazo. Siwezi kuzitoa hivihivi, kuna mkataba. Na kusema kweli sijaamua."

Hasira ikanirudia yote. Kibanda kiko palepale kwenye kona, fundi baiskeli hana hata spana, na mwanangu hajaamua. Nilitaka kuutupa ule ufunguo dirishani. Nikauokota, nikamrudishia mkononi, nikamfumba vidole.

"Usihamishe anwani," nikamwambia. "Barua za kampuni yako ziendelee kuja hapa hapa. Sitazirudisha tena."

Alinitazama akitafuta kama namtania. Aliona simtanii. Aliondoka na ufunguo wake.

Paa tumelitengeneza kidogo kidogo, kila familia imeleta bati zake, na rangi hazifanani. Wasichana wako vyumba vya nyuma. Mimi bado nakwenda Dar kila nikipata nafasi, naomba ule ukurasa, na yule binti wa kaunta siku hizi ananiwekea kiti kabla sijasema. Kampuni ya mwanangu bado ipo kwenye nafasi ya tatu. Mara ya mwisho nilimkuta kwenye benchi baba mmoja wa Ifakara, ameshika karatasi, hajui aandike nini kwenye sababu. Nikakaa naye tukaandika.

Na wiki iliyopita barua ilikuja, bahasha ndefu yenye lile jina. Sikuifungua, si yangu. Niliiweka katikati ya meza wakati wa chakula cha mchana, ikaegemea jagi la maji, kila mtu aione. Yule mdogo kuliko wote alilisoma jina kwa sauti, akala tonge, akalisoma tena.

"Mama, hii kampuni ni ya nani?"

"Ya dada yenu," nikamwambia. "Aliyekuwa akilala kitanda chako."

Akaacha kutafuna. Wenzake nao wakaacha, wakaitazama bahasha.

"Anakuja lini?" akauliza. "Nataka kumwuliza kitu."